Jogoo wa mgeni

Jumamosi iliyopita alikuja mteja, mama wa makamo kutoka upande wa mwaloni, wanakoshushia samaki, anatafuta mtetea wa kupeleka kwa wakwe. Akasimama mlangoni mwa banda, akawatazama kuku wangu kimya kimya jinsi mtu anavyochagua kitenge, halafu akanyoosha kidole.

"Yule pale, mwenye waya nyekundu mguuni. Nakupa thelathini na tano."

"Huyo hauzwi, dada. Chagua mwingine yeyote."

"Arobaini."

Nikakataa tena. Ndipo akaniuliza swali ninaloulizwa karibu kila wiki hapa Igombe, Mwanza, kando ya Ziwa Victoria: sasa kama kuku mzuri huuzi, unafuga wa nini? Sikupata nafasi ya kumjibu vizuri kwa sababu alikuwa anawahi daladala ya mjini. Aliondoka na matemba wawili weusi, kuku jike wachanga, tukaagana vizuri tu. Ila swali lake nimelala nalo wiki nzima, na haya ninayoandika ndiyo majibu ambayo ningempa kama daladala ingechelewa.

Nimekulia Magu. Nyumbani kwetu mgeni akifika, mtoto anatumwa akamkamate jogoo, na jogoo mwenyewe anatajwa: yule mkubwa kuliko wote. Ndiyo heshima ya mgeni, na sisemi ni mbaya. Ada ya shule ikipungua, mama anajaza tenga anakwenda mnadani, na wanaoingia kwenye tenga ni wale ambao mchuuzi akiwanyanyua kwa mkono anatikisa kichwa kwa kuridhika. Wazito. Anayebaki nyumbani ni nani? Ni pora, jogoo mchanga, mwembamba mwenye mbio, ambaye watoto wamemkimbiza hadi wakakata tamaa. Huyo ndiye anayerithi mitetea yote ya boma. Huyo ndiye baba wa vifaranga wa mwaka unaofuata.

Fanya hivyo miaka thelathini, halafu kaa barazani ulalamike kwamba kuku wa kienyeji siku hizi wamekuwa kama kwale. Tumewachagua wawe hivyo kwa mikono yetu wenyewe. Kila mwaka tumemla baba mzuri, tukamwachia mbegu yule tuliyemdharau.

Na mimi nimefanya hivyo hivyo. Nilianza mwaka 2018 na mitetea 11 na jogoo mmoja, na kila nilipobanwa na pesa niliuza wakubwa. Mwaka 2020 nilimning'iniza jogoo niliyebaki naye kwenye mzani wa ndoano, ule wanaopimia samaki, nikasoma kilo 1.6. Yule niliyeanza naye alikuwa na kilo 2.5. Niliurudia mzani mara tatu nikidhani umeharibika. Kesho yake nilinunua daftari kubwa lenye jalada gumu, na hapo ndipo ufugaji wangu ulipoanza. Miaka miwili ya mwanzo nilikuwa nakaa na kuku tu.

Watu husema "kuku wa kienyeji" kama vile ni mmoja. Kuna Ching'wekwe mwenye umbo dogo, kuna Singamagazi mzito wa Tabora, na huku kwetu Kanda ya Ziwa kuna kuchi, ambaye ukimwona mara moja humsahau: anasimama wima kama askari wa gwaride, miguu mirefu, shingo ndefu, upanga mdogo umelala juu ya kichwa, ndevu karibu hana, na mfupa wa juu ya jicho umejitokeza kana kwamba amekasirika tangu azaliwe. Wataalamu wa vinasaba wanamhusisha na kuku wa kupigana wa Asia, na hilo halinishangazi, maana ukiweka majogoo wawili wa kuchi kwenye ua mmoja, jioni unaokota mmoja. Halafu wapo wanaotambulika kwa alama moja: kishingo asiye na manyoya shingoni, kidimu mwenye manyoya yaliyojikunja, kibutu asiye na mkia. Alama hizo zinaweza kumkuta kuku wa ukoo wowote. Kishingo anaweza kuwa mkubwa au mdogo, mtagaji au mvivu. Nimeona watu wakinunua kishingo kwa sababu "kishingo anataga sana" bila kuuliza mama yake alitaga mangapi.

Kwa hiyo swali la kwanza ambalo daftari lilinilazimisha kujibu ni hili: nataka nini? Niliandika orodha ya mambo tisa. Nikayakata sita. Ukichagua kwa mambo mengi kwa pamoja, kila moja linasogea polepole mno, kwa sababu kuku aliye bora kwa yote tisa hayupo bandani. Nikabaki na matatu: uzito wa wiki ya 16, rangi, na idadi ya vifaranga walio hai wiki ya nane. Hilo la tatu ndilo ninalolipenda kuliko yote.

Nieleze kwa nini. Igombe ni mwalo. Dagaa wanapoanikwa, mwewe wanajaa angani, wanazunguka mchana kutwa, na wakichoka na dagaa wanateremka kwenye vifaranga vyetu. Wa kwanza kuchukuliwa ni weupe. Kifaranga wa rangi ya udongo, mwenye michirizi ya kahawia mgongoni, akijibana kwenye nyasi kavu hata mimi mwenye banda simwoni. Lakini soko linavuta upande mwingine: kuku mweupe, au mweusi asiye na doa, ana bei kwa sababu watu huwatafuta kwa ajili ya tambiko na kwa waganga. Nimeamua weupe wote niwauze. Napata pesa nzuri, na banda langu linabaki na rangi za ardhi.

Rangi peke yake haitoshi, lazima mama awe mkali. Hapa nitakuonyesha kurasa mbili za mwaka 2023, za mitetea miwili ninayoiita kwa rangi ya waya ya mguuni. Waya ya Bluu: mtago mmoja mayai 19, akatotoa 12, wiki ya nane wamebaki 3. Waya Nyekundu: mayai 15, akatotoa 13, wiki ya nane wapo 11. Ningekuwa nahesabu mayai tu, ningembakiza Bluu nikamuuza Nyekundu, na ningejiona nimechagua kitaalamu.

Waya Nyekundu nimemkalia kiti nikamtazama. Kivuli cha mwewe kinapopita uani, hapigi kelele kama wenzake. Anatoa sauti moja nyembamba, ndefu, na vifaranga wote wanalala chini palepale walipo kama waliomwagwa. Hawakimbii. Wenzao wa Bluu hukimbia, na mwewe anaona kinachokimbia. Mwezi Machi mwewe aliteremka hata hivyo. Nyekundu aliruka hadi usawa wa kifua changu, miguu mbele, akampiga. Mwewe akamwachia kifaranga na kuondoka chini chini akipiga mabawa kwa shida, kwenye ukucha wa kuku wangu kukabaki unyoya wa kahawia. Nimeuweka ule unyoya ndani ya daftari. Basi yule mama wa Jumamosi alikuwa ananunua unyoya ule kwa shilingi elfu arobaini.

Sasa niseme kuhusu jogoo, maana hapo ndipo nilipokosea vibaya zaidi.

Kila kifaranga anapata nusu ya urithi wake kwa mama na nusu kwa baba, lakini mitetea ninayo kumi na jogoo mmoja. Kosa la mtetea mmoja linaishia kwenye mtago wake. Kosa la jogoo linaingia kwenye kila yai. Na jogoo hatagi, ndiyo, lakini nusu ya utagaji wa binti zake ameubeba yeye, kwa hiyo jogoo namchagua kwa kusoma ukurasa wa mama yake kabla sijamtazama yeye mwenyewe.

Pasaka moja nilimchinja jogoo wangu kishingo. Alikuwa amekaa miaka miwili, binti zake walikuwa wameanza kutaga, na sikutaka awapande. Kifaranga wa jogoo na binti yake ni jambo la hatari: urithi dhaifu uliojificha kwa baba unakutana na nakala yake mwenyewe kwa binti, na unaanza kuona mayai yasiyo na mbegu, vifaranga legevu, midomo iliyopinda. Nikaleta jogoo wa kuchi, mwenye manyoya kamili shingoni. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, naye wa kwangu alikaa amefungwa pembeni wiki mbili nzima nikimwangalia kama ana mafua au utitiri, na siku ya kuchinja kishingo ndiyo siku niliyomfungua huyu. Siku ya nne nikaanza kukusanya mayai. Nilikuwa na haraka. Niliyatia alama ya penseli "K" kwa kuchi, nikamwekea mtetea aatamie.

Siku ya 21, alfajiri, nikamnyanyua mama yule taratibu kwa kiganja. Chini yake kulikuwa na joto lile la mkate uliotoka jikoni, maganda, na vifaranga kumi bado wana unyevu. Mitetea yote niliyokusanya mayai yake ilikuwa na shingo za kawaida. Baba, kwa mujibu wa penseli yangu, alikuwa na shingo ya kawaida. Vifaranga watatu walikuwa na shingo tupu za rangi ya waridi, na mbele, juu ya gole, kishada kidogo cha manyoya.

Jirani yangu aliposikia alisema kuku wangu wanatembea nje. Hapakuwa na jogoo kishingo mwingine mtaa mzima. Baba yao alikuwa ni yule tuliyemla Pasaka, mwezi mmoja na zaidi uliopita.

Mtetea hahitaji jogoo kila siku. Ndani ya mrija wake wa mayai kuna vijifuko vidogo mno ambamo mbegu za jogoo huhifadhiwa, na zinaweza kurutubisha mayai wiki mbili, wakati mwingine hata tatu, baada ya jogoo kuondoka. Shingo tupu ni alama inayojionyesha hata ikitoka kwa mzazi mmoja tu. Mwenye nakala moja anabaki na kile kishada, mwenye nakala mbili, moja ya baba na moja ya mama, hana hata hicho. Kwa hiyo wale watatu walikuwa wameandikwa jina la baba yao shingoni. Kilichoniumiza ni wale saba waliobaki. Kishingo wangu naye alikuwa na kishada, yaani nakala moja, na nusu ya watoto wake wangezaliwa na shingo za kawaida. Katika saba wale, nani alikuwa wa kuchi na nani wa kishingo? Hapakuwa na njia ya kujua. Niliwauza wote kumi walipokua, na nikapoteza miezi mitano. Siku hizi nikibadilisha jogoo, mayai ya wiki tatu za mwanzo tunakula. Wanangu wameshazoea, wakiona chapati mayai mfululizo wanajua baba mpya amefika bandani.

Tangu siku ile pia kila kifaranga anatiwa alama kabla hajachanganyika na wenzake. Kwenye ngozi laini kati ya vidole unatoboa tundu dogo kwa kitobozi safi. Mguu mmoja una nafasi mbili, miguu miwili nne, na ukipanga wapi kuna tundu na wapi hakuna, unapata alama 16 tofauti. Zinanitosha, maana sijawahi kuwa na akina mama zaidi ya 12 kwa msimu. Akikua ndipo anapata waya ya rangi, ile iliyomo ndani ya nyaya za umeme, naizungusha mguuni bila kukaza.

Kuna jambo jingine nililiona kwa jirani ambalo sitalisahau. Yeye anapenda kuku wafupi, wale wenye miguu mifupi sana wanaotembea kama wamekaa, kwa sababu hawachimbui mchicha. Akachagua jogoo mfupi na mitetea mifupi, akaamini atapata wafupi watupu. Kila mtago ukawa unapungua, akaanza kushuku watu. Nikamwomba usiku mmoja tupime mayai ya siku ya saba. Tulizima taa, nikaviringisha karatasi ngumu juu ya tochi ya simu, tukaweka yai moja moja. Yai zuri linaonyesha buibui wa mishipa, mwekundu, na kitone cheusi kinachocheza katikati. Katika mayai 12 tuliona buibui tisa. Matatu yalikuwa na pete nyembamba ya damu, imetulia, hakuna kinachocheza. Kiinitete kilianza kikafa mapema.

Urithi wa ufupi huo uko hivyo. Akiupata kwa mzazi mmoja anakuwa mfupi na anaishi. Akiupata kwa wazazi wote wawili anafia ndani ya yai. Ukimpandisha mfupi kwa mfupi, tarajia robo ya mayai yafe, na hata katika wanaototoka bado watakuwepo warefu. Nilimshauri ampe jogoo mrefu. Nusu ya vifaranga watakuwa wafupi na hakuna atakayekufa kwa sababu hiyo. Alikaa kimya muda mrefu na lile yai mkononi. Alikuwa amemgombeza mtoto wa dada yake kwa wizi wa mayai.

Uzito ndio rahisi zaidi. Unarithiwa vizuri, mzazi mzito kwa kawaida huzaa wazito, kuliko idadi ya mayai ambayo chakula, maji na uangalizi vinaiamua kwa sehemu kubwa. Ila hata hapa nimeshajidanganya. Mwaka 2021 nilibakiza pora mmoja kwa sababu alikuwa anawazidi wenzake wote, nikajisifu, na baadaye nilipopitia daftari nikakuta amewazidi wiki tatu za umri. Tena alitotolewa wakati kumbikumbi wametoka, wenzake wakatotolewa kiangazi. Siku hizi nalinganisha waliototolewa wiki moja, wakala chakula kimoja. Katika mapora 20 nabakiza wawili, na wale 18 ndio wanaonilisha. Wageni wangu bado wanachinjiwa jogoo. Anachinjwa wa tatu kwa ukubwa.

Na chanjo usiache. Mwaka huo huo wa 2021 mdondo, yaani kideri, uliingia nikabaki na kuku tisa katika arobaini, na kuna mzee aliniambia hao tisa ndio sugu, niwazalishe hao bila kuchanja. Niliwazalisha, lakini nilichanja. Natia tone moja la I-2, chanjo ya mdondo, jichoni kila miezi mitatu; inavumilia joto kuliko chanjo nyingi za zamani, na nisingethubutu kuweka miaka ya kuchagua mikononi mwa bahati ya kuku tisa.

Najua nitaulizwa kuhusu Kuroiler na Sasso, wale kuku chotara wa kisasa. Ni kuku wazuri kwa kazi yao, wanakua haraka, na anayetaka nyama au mayai ya biashara sina sababu ya kumzuia. Kinachoniuma ni jogoo wa chotara kuachiwa huru kijijini katikati ya mitetea ya bibi. Kizazi cha kwanza kinapendeza, wakubwa, wanafanana. Kizazi cha pili kinatawanyika, huyu mkubwa, huyu mdogo, huyu haatamii kabisa. Na kuatamia kukishapotea kwenye ukoo, bibi asiye na umeme wala mashine ya kutotolesha atafanyaje?

Kila baada ya mwaka mmoja na nusu hivi navuka na kivuko cha Kamanga kwenda upande wa Sengerema, kwa babu mmoja anayefuga kuchi tangu ujana wake. Tunabadilishana majogoo ili damu zisirudi mlemle. Mara ya mwisho nilimpeleka pora wa Waya Nyekundu, kilo 2.3 akiwa na wiki ishirini, kifua kimejaa, na njiani kwenye kivuko watu wawili walikwishataka kumnunua. Nilitegemea babu naye atamsifia. Nilimwamkia, akaitikia, akamtoa kwenye tenga, akampapasa mgongo, akamfungua bawa, akamtazama miguu. Kuhusu uzito hakuuliza.

"Mama yake aliwafikisha wangapi?"

"Kumi na mmoja, babu. Katika kumi na watatu."

Akanitazama kuona kama nasema kweli. Nikafungua daftari juu ya tenga, nikamwonyesha ukurasa, na ule unyoya ukaanguka. Akauokota, akaugeuza kwenye mwanga, akausoma kwa muda mrefu kuliko alivyousoma ukurasa. Kisha akaniambia, "Njoo uone, mjukuu wangu," akanipeleka nyuma ya banda lake na kufungua mlango nione upande wake wa ndani. Mbao zote zilikuwa zimejaa mistari ya mkaa, imepangwa vikundi vikundi, mingine imefifia kiasi kwamba lazima uinamishe kichwa uione. Akaweka kidole kwenye kikundi cha juu kabisa, akaanza kunihesabia.